Bwana Aliniponya Wivu Kando ya Kitanda cha Mke Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni tena, msikike mpaka huko juu mlimani Loleza: Bwana asifiwe!

Wengi mnanijua. Mimi ndiye mpasua mbao. Mabenchi mliyokalia nimeyapasua mimi, na mlango mlioingilia ni mbao yangu ya mti wa podo. Shule niliishia darasa la pili. Vita vilipokuja nilikwenda mpaka Burma, nikarudi na viungo vyangu vyote, nikaanza na msumeno mmoja wa watu wawili. Leo, miaka zaidi ya kumi tangu vita viishe, nina misumeno sita na watu wa kuivuta. Hakuna aliyenishika mkono. Sisemi kwa kujivuna. Au labda nasema kwa kujivuna, Bwana anajua, hapo bado ananishughulikia.

Ushuhuda huu nimeuandika mwenyewe kwa penseli, maana mdomo wangu ukiachiwa unaingia porini. Mke wangu, Mama Bupe, amekaa pale upande wa kina mama. Nimemsomea wote. Amesema, "Soma, mradi usijipunguzie." Basi sijipunguzii.

Wengine wakisimama hapa wanashuhudia pombe, wanashuhudia wizi, wanashuhudia hirizi. Mimi sikuwa mlevi. Sikumwibia mtu. Mimi nilifunguliwa wivu. Msicheke! Kina mama naona mnacheka. Na nisikilizeni niliona wivu juu ya nini. Si juu ya mwanaume aliyemgusa mke wangu, wala aliyemtazama. Niliona wivu juu ya sauti.

Kwanza niwaeleze ndugu zangu Wasafwa na Wahehe na wengine msioijua mila yetu Wanyakyusa. Kwetu mwanamke hamwoni baba mkwe wake. Hamtazami, halitaji jina lake, wakikutana njiani mwanamke anaacha njia na kuingia migombani mpaka mzee apite. Na baba mkwe si yule aliyemzaa mume peke yake. Ni ndugu zake wote wa kiume, hata aliye mdogo kabisa.

Sasa babu yangu alioa mke wa mwisho uzeeni, akamzaa Ambakisye. Wakati huo mimi tayari nachunga ng'ombe. Nilimbeba mgongoni huyo Ambakisye. Nilimfuta kamasi kwa vidole hivi. Lakini ni mdogo wa baba yangu, kwa hiyo mimi namwita Tata, yaani baba, na yeye ananiita mwanangu. Mimi nina mvi! Kijana ambaye ndevu zake unaweza kuzihesabu ananiita mwanangu, na ni haki yake. Misheni ilimsomesha akawa dresa wa hospitali kule upande wa Iringa, anafunga vidonda, amevaa nyeupe, viatu vimepigwa rangi. Mimi nilimwita Tata mdomoni. Moyoni nilimwita kamasi.

Na jambo jingine mlikumbuke. Mimi, mzee wa kanisa, nilisimama hapa hapa nikawakaripia wanawake wanaokimbilia migombani wakiona wakwe zao. Nilisema mila hiyo imekwisha, Kristo ameivunja. Mlinisikia. Wengine mlisema "Amina".

Haya. Msimu wa mvua, mwaka juzi, kambi yangu ilikuwa msituni Mufindi. Baridi ile mnaijua, ukungu mpaka saa tano mtu hamwoni mwenzake wa upande wa pili wa shimo la kupasulia mbao. Nilikuwa na sheria yangu: msumeno ukishaingia kwenye gogo hautoki mpaka ubao uanguke. Watu hawafuati chakula, chakula kinafuata watu. Mke wangu alipika uji jikoni, akaubeba kichwani ndani ya debe mpaka shimoni, mara mbili kwa siku. Aliniambia, "Baba Bupe, njia imejaa mabanzi, inateleza. Waruhusu waje jikoni." Nilimjibu, "Kazi haisimami kwa ajili ya mabanzi."

Siku ya tatu baada ya hapo akateleza. Uji wa moto, ndugu zangu. Maji yanakuunguza, yanapita. Uji unashika. Ulimshika kuanzia paja mpaka kifundo cha mguu. Msumeno ulisimama siku hiyo, na hakuna aliyeuliza sheria ilikuwa inasemaje.

Tulipata lori la magogo, tukamlaza juu ya blanketi zangu zote, tukamfikisha hospitali ya misheni. Daktari mzungu, mzee mwenye mikono ya kutulia, akasema atapona, lakini kidonda lazima kioshwe na kufungwa upya kila baada ya siku moja, wiki nyingi. Kile kitambaa kinagandamana na nyama. Kukibandua ndiyo kazi. Sindano ya usingizi haiwezekani kila mara, alisema, ingemdhuru. Siku ya kwanza walipobandua nilikuwa nje uani. Nimesikia watu wakilia vitani. Sijasikia kilio kama kile.

Basi daktari yule alikuwa na njia yake. Alisema alijifunza wakati wa vita, dawa zilipokuwa zikiisha na majeruhi bado wanaletwa. Unamsemesha mgonjwa polepole, kwa sauti moja, unamwambia atulie, apumue, alegeze kiungo kimoja kimoja, mpaka anaingia katika usingizi ambao si usingizi, anasikia lakini yuko mbali. Kwao kuna jina lake, mimi nimelisahau. Wagonjwa waliuita usingizi wa maneno. Shida ilikuwa Kiswahili cha daktari. Alimwambia mzee mmoja Mbena, "Macho yako ni mazito kama mawe," mzee akaruka akauliza, "Daktari, hayo mawe umeyaweka saa ngapi?" Wodi nzima ikacheka, usingizi ukakimbia. Kwa hiyo daktari aliitoa kazi hiyo kwa mtu anayejua lugha za watu. Mtu huyo alikuwa nani? Ambakisye.

Mke wangu hakuniambia niamue. Alilitengeneza jambo mwenyewe. Aliomba shuka itundikwe kama pazia, akageuzia uso ukutani, akajifunika kichwa kwa kanga. Ambakisye akakaa nyuma ya pazia, hamwoni, haonwi. Sista na msaidizi wake ndio walioshika mguu. Heshima ilitimia yote. Mimi nilisimama mlangoni.

Akaanza kusema kwa Kinyakyusa. Hakuimba wala hakuomba. Alisema tu, kama mtu anayemimina nafaka kidogokidogo asimwage nje. Nikaona bega la mke wangu linashuka. Sista akaanza kubandua. Nikakaza meno nikingoja kile kilio.

Hakikuja. Alikunja uso kidogo, akapumua. Halafu, ndugu zangu, akacheka. Kicheko kidogo, cha puani. Nimekaa na mwanamke huyu miaka kumi na saba. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu Bupe yuko mgongoni.

Mtu mwema angesema asante Bwana. Mimi nilisikia kitu kama moshi wa kuni mbichi kifuani. Nilisema moyoni: mimi nimemlilia Mungu, nimembeba kwenye lori, nimemvua viatu, ananitazama kwa maumivu. Huyu kamasi anasema maneno mawili nyuma ya shuka, mke wangu anacheka!

Nikangoja wote waondoke. Nikamwuliza, "Mama Bupe, ulikuwa unacheka nini?"

"Nilicheka?"

"Ulicheka. Ulikuwa wapi?"

"Ananiambia niende mahali ninapopapenda. Nikaenda."

"Wapi?"

Akavuta kanga mpaka kidevuni. Halafu akasema, "Maumivu yapo, Baba Bupe, lakini yanakuwa kama mtu anayelia kijiji cha pili. Unamsikia, unamhurumia, lakini si wewe."

"Nimekuuliza wapi. Na uko huko na nani?"

"Mguu wangu, Baba Bupe. Niache nilale."

Tangu hapo sikula vizuri. Nilileta asali ya msituni, akasema "Ndaga," asante, akaiweka chini ya kitanda. Nilileta kanga mpya, akaikunja. Lakini ikifika siku ya kidonda, anamwuliza Sista, "Yule amefika?" Jina halitaji, ni mkwe wake, kwa hiyo anasema "yule". Ndugu zangu, neno hilo lilinichoma kuliko uji. Jina la mtu unaweza kulitukana. "Yule" utalitukana vipi?

Nilianza kusikiliza dirishani. Nilihesabu pumzi zake. Mkono wa mwanaume ukimgusa mke wako unaweza kuukamata, kuna mahali pa kukamata. Sauti utaikamata wapi? Inaingia sikioni, na humo ndani wewe huna mlango. Nikasema lazima ikome. Lakini kwa sababu gani? Siwezi kusema naona wivu, mimi, mtu wa misumeno sita! Nikatafuta sababu, nayo nikaiokota pale pale nilipoitupa.

Siku ya nne ya usingizi wa maneno niliingia wodini nimevua kofia. Wagonjwa wamejaa, na wanawake watatu wa kwetu wamekuja kumtazama. Nikamwambia Sista kwa sauti ya shimoni, "Kwetu huu ni mwiko! Huyu ni baba mkwe wake. Hawezi kumsemesha mke wangu akiwa amelala. Ni aibu kwa ukoo wote!"

Ambakisye akatoka nyuma ya pazia. Hakukasirika. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mila hii si wewe ulisema kanisani imekwisha?"

Nikamjibu, "Imerudi."

Ndiyo, cheka, Mzee Safwa, nakuona. Hata mimi leo nacheka. Siku ile sikucheka. Ambakisye aliinamisha kichwa, akasema, "Mume amesema," akaondoka. Wale wanawake wa kwetu wakajifunika midomo kwa kanga zao. Na mke wangu? Alibaki ameutazama ukuta.

Nilishinda, ndugu zangu. Sasa sikieni ushindi wangu.

Kesho kutwa yake walibandua bila yule. Alilia mpaka sauti ikaisha. Mara ya pili alimshika Sista mkono akauma. Mara ya tatu alikataa kabisa, akajikunja juu ya mguu kama kuku juu ya mayai, akisema wamwache afe nao. Siku zikapita kidonda hakijafunguliwa. Harufu ikaanza. Mimi nilikaa kando nikimwambia, "Jikaze, mama. Jikaze." Kitanda cha jirani alilala bibi mmoja Mhehe, amevunjika nyonga, mdomo wake mzima. Akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene, baba."

Nikamwitikia.

"Unamwambia nani ajikaze?"

"Mke wangu, bibi."

"Mguu ulioungua ni wako au wake?"

"Wake."

"Basi jikaze wewe! Yule kijana alimpa usingizi, wewe umempa nini? Umempa asali. Ameuambia uji kwamba ana asali?" Wodi ikacheka. Akaendelea, "Na mimi huyo kijana alikuwa akinisemesha, nalala kama mtoto. Nina miaka mingi kuliko mama yako. Utaniletea wivu na mimi?"

Alilisema neno. Mbele ya watu. Nilidhani hakuna aliyejua, kumbe wodi nzima ilijua kabla yangu.

Mchana huo daktari akaniita. Akasema kwa Kiswahili chake kile, lakini hakuna aliyecheka: kidonda kisipofunguliwa, mguu utakatwa. Kisha huenda mke wangu mwenyewe asibaki.

Nikatoka nyuma ya jiko la hospitali, palikuwa na rundo la kuni zilizopasuliwa ovyo. Nikapiga magoti pale pale. Nikaomba kama nilivyozoea, kwa kuagiza: Bwana, ponya mguu huu! Ponya! Na ndani yangu, si kwa masikio, nikaulizwa: Unataka apone, au unataka apone kwa jina lako?

Ndugu zangu, nilijibu haraka. Nilisema, "Kwa jina langu."

Halafu nikasikia nilichosema. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa Burma. Nikaona kwamba ningemwacha mke wangu aoze kuliko apone kwa mdomo wa mtu mwingine. Nikaona pia lile debe la uji, nikajua wivu wangu ulikotoka. Mimi ndiye niliyemwunguza. Ndiyo maana sikutaka mwingine amtulize. Nililia juu ya zile kuni mpaka mpishi akaja kuuliza nimeumwa na nini.

Nilimfuata Ambakisye kwenye chumba cha dawa. Nikachuchumaa, nikapiga makofi ya heshima kama mtoto kwa baba yake, na safari hii neno Tata halikuwa la mdomoni. "Tata, nimekosa. Rudi ukamsemeshe."

Akaniinua. Tukaenda. Lakini mke wangu alipoambiwa yule anarudi, akatikisa kichwa. Akasema kwa sauti iliyokauka, "Baba Bupe, ulisema ni aibu, mbele ya watu wa kwetu. Wameshaipeleka nyumbani hiyo habari. Nikiisikia sauti ile sasa, nitaambiwa nimelala na mkwe. Afadhali mguu."

Mnaona? Nilifikiri mila ni kama koti, nalivaa na kulivua. Nilimvika yeye, na yeye hakuwa na mahali pa kulivulia.

Ni Ambakisye aliyepata njia. Kwetu mkwe akitaka jambo kwa mkwe mwenzake anatuma mtu katikati. Maneno yanapita kwa mtu wa tatu na heshima haivunjiki. Akasema, "Mwanangu, mimi nitasimama nje ya dirisha, nitasema chinichini, hatanisikia. Utasikia wewe. Utamwambia wewe."

Mke wangu akanigeuzia uso. Akasema, "Wewe? Utaweza kusema polepole?"

Nikasimama kichwani pa kitanda, sikio dirishani. Ambakisye akanong'ona: mwambie alegeze mabega. Nikasema, "Legeza mabega!" Mke wangu akaruka. Bibi Mhehe akasema, "Huyo anaamsha wafu." Nikajaribu tena, "Lala sasa! Tulia!" Mke wangu akafungua jicho moja: "Unaniita kama gogo."

Jasho lilinitoka. Nyuma ya dirisha Ambakisye akanong'ona, "Mwanangu, kule shimoni, mtu wa chini anavuta vipi?"

Niwaeleze. Shimoni kuna mtu wa juu na mtu wa chini. Wa juu anaona mstari, anaongoza. Wa chini haoni kitu, unga wa mbao unamwagikia machoni, yeye anavuta tu, anafuata mwendo wa mwenzake. Mimi kwa miaka yote hiyo nilikuwa mtu wa juu. Nikaelewa. Siku hiyo mstari haukuwa wangu.

Nikafumba macho. Nikashika ule mwendo, vuta, achia, vuta, achia, na neno moja moja lililonijia dirishani nikaliachia lishuke na msumeno. Mabega yanakuwa mazito. Mikono inakuwa mizito. Unapumua. Mguu uko mbali, watu wengine wanaushughulikia, wewe huna kazi nao. Nikasikia pumzi yake inaingia kwenye mwendo. Sista akainua mkasi.

Ndipo Ambakisye akanong'ona maneno yafuatayo, ambayo kumbe aliyasema kila mara tangu siku ya kwanza, na mimi kwa hasira sikuwa nimeyasikia:

"Mwambie: nenda mahali unapopapenda. Huna haja ya kuniambia ni wapi. Ni pako."

Ndugu zangu, mdomo ulikataa. Nusu ya kwanza ilitoka: nenda mahali unapopapenda. Nusu ya pili ikabaki ndani. Sista ananingoja, mkasi juu. Kitambaa kimegandamana. Nikamwita Yesu kimoyomoyo, kwa jina lake, kwa jina lake yeye tu! Nikasema, "Huna haja ya kuniambia ni wapi, mama. Ni pako."

Akaenda. Nilimwona anakwenda. Uso ukafunguka kama asubuhi ya Juni ukungu ukiondoka. Walibandua kitambaa chote, wakaosha, wakafunga, na hakulia. Na kabla hawajamaliza, akacheka kile kicheko cha puani.

Na mimi, haleluya, nilikisikia kicheko kile na moshi haukuja! Nilitafuta kifuani kama mtu anayetafuta jino lililong'oka. Haukuwapo. Nililia, lakini kwa mwendo ule ule, vuta, achia, nisimwamshe.

Tulifanya hivyo siku zote za kidonda mpaka ngozi ikafunga. Ambakisye dirishani na mvua inamnyeshea, mimi kitandani. Mguu haukukatwa. Anachechemea kidogo wakati wa baridi, mnamwona. Msituni sasa watu wangu wanakula jikoni, wamekaa, na msumeno unangoja kwenye gogo. Na Ambakisye namwita Tata, mdomoni na moyoni.

Mtaniuliza: je, mahali pale ni wapi? Najua mtaniuliza, maana hata mchungaji ameniuliza. Sijui. Mpaka leo sijamwuliza. Siku nyingine, kazi zikiisha, namkuta amekaa kwenye kibaraza amefumba macho, mguu ameunyoosha juani, kile kicheko kiko karibu. Basi mimi navua viatu vyangu, navishika mkononi, napita.

Ndugu zangu, hayo ndiyo Bwana aliyonitendea. Kama yupo hapa mwenye moshi ule kifuani, juu ya mke, juu ya ndugu, juu ya kijana aliyemzidi kusoma, asitafute sababu ya kuufunika. Mimi niliitafuta, nikaipata, ikakaribia kuniulia mtu. Njoo mbele, tupige magoti pamoja. Nitakushika bega. Nami nitasema polepole, nimeshajifunza.